Kupamba ndani ya jela ya zamani: Ngomeni, Lamu

Dada aliponambia kupamba kwa bintiye, ile sherehe ya wanawake watupu ya kumtazama bi arusi, kutakuwa Ngomeni, kwenye ngome kongwe ya Lamu, nilicheka. "Jela?" Marehemu babu hakuliita jengo lile jina jingine, na hakukosea: tangu 1910 hadi 1984 walifungwa watu mle. Lakini nyumba ya dada mtaani Langoni haiwezi kubeba wanawake mia mbili, basi nikanyamaza.

Sasa natubu. Kuta zile zilianza kujengwa 1813, zikamalizika 1821, mawe matupu ya matumbawe, nene na ndefu hata mwanamume aliye nje haambulii kuona upindo wa leso. Kwa kupamba hilo lashinda zulia na taa zote. Mlangoni tulimkalisha shangazi na bakora yake. Simu zikaingia mkobani zenyewe.

Kasoro ilikuwa yetu, au tuseme ya fundi wa spika tuliyemkodi. Ua umezungukwa na mawe pande zote, sauti hugonga ikarudi. Spika mbili zilitosha. Yeye akaleta sita! Tarabu nzima sikusikia ubeti hata mmoja, mpaka nilipokwenda mwenyewe nikachomoa nne. Hapo ndipo bi arusi akaanza kutabasamu.

Viti vilikuja kwa mashua, kisha punda na mkokoteni. Zamani maji ya bahari yalifika karibu na ngome. Siku hizi kuna safu ya majengo mbele, lakini bado ni hatua chache tu, na hamali hawakutuchaji sana.

Nje, Mkunguni, kiwanja cha mbele ya ngome, wazee wa bao hawakujisumbua kuhama. Vigelegele vilipopaa, mmoja alisita na kete zake mkononi, akauliza, "Wa nani huyo?" Akajibiwa. Akaendelea kutia kete.

Tahadhari: Maulidi ya mfungo sita yakikaribia, au siku za tamasha la utamaduni, usipange harusi hapa. Mji hufurika, na kiwanja hicho hicho huwa cha mashindano ya bao, mashairi na ngoma. Watu hukosa pa kukanyaga mpaka punda waanze kushindana pwani, ndipo umati huhamia huko.

Na ngazi za mle ni za mawe. Bi arusi avae makubadhi, viatu vya visigino abebewe mpaka akae. Wetu alikataa. Alishushwa na watu watatu, somo wake, yaani kungwi, akiwa mbele, akirudi kinyumenyume.