Hansard ya Bunge: huduma ya bure ambayo wengi wetu hatuitumii

Ukitaka kujua mbunge wako alisema nini kuhusu fedha za umma, achana na klipu ya dakika mbili uliyotumiwa WhatsApp. Ingia tovuti ya Bunge, tafuta Majadiliano ya Bunge, yaani Hansard, chagua tarehe ya kikao, pakua. Hulipi kitu, lugha ni Kiswahili, na kilichosemwa ukumbini Dodoma kimeandikwa pamoja na jina la aliyekisema. Mimi ni mhasibu mstaafu wa halmashauri, naishi Njombe, na siku hizi naisoma Hansard kuliko gazeti lolote. Naandika tathmini hii kwa sababu kila nikizungumza na wenzangu kuhusu ubadhirifu nagundua kuwa tunabishana kwa kusikia tu, na maandishi yapo.

Nitaipima kwa mjadala mmoja ninaoujua vizuri, wa akaunti ya Tegeta Escrow, Novemba 2014. Kwa waliokuwa wadogo wakati ule: kampuni ya IPTL iliingia mkataba na TANESCO mwaka 1995 ili kuzalisha umeme kwa mitambo yake ya Tegeta. Baadaye wakagombana kuhusu tozo ambayo TANESCO ilitakiwa kulipa hata mitambo ikiwa imezimwa, na mwaka 2006 ikafunguliwa akaunti maalumu Benki Kuu kuhifadhi fedha hizo mpaka ugomvi uishe. Mwishoni mwa 2013 fedha zikatolewa, zaidi ya Shilingi bilioni 300, zikaenda kwa kampuni ya PAP iliyosema imeinunua IPTL. Mwaka uliofuata David Kafulila, wakati huo mbunge wa Kigoma Kusini kupitia NCCR-Mageuzi, akalivalia njuga suala hilo bungeni.

Ukimuuliza mtu leo anakumbuka nini kuhusu Kafulila na aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, atakwambia "tumbili". Walirushiana maneno makali katika Bunge la bajeti, nchi nzima ikazungumza hilo wiki nzima. Swali la fedha likawekwa pembeni. Hapo ndipo Hansard inaponipa ninachokitaka: majibizano yamo, lakini yamechukua sehemu ndogo ya ukurasa, na ukiendelea kusoma unafika kwenye hoja yenyewe, na ya kabla yake, na ya baada yake. Klipu haiwezi kukupa hilo.

Taarifa ya Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, iliwasilishwa tarehe 26 Novemba 2014. Mwenyekiti alikuwa Zitto Kabwe wa upinzani, kama utaratibu wa kamati hiyo unavyotaka, na makamu wake alikuwa Deo Filikunjombe wa CCM, mbunge wa Ludewa, jirani zetu hapa. Isome polepole. Nilipoichapisha kwa kijana wa steshenari alidhani ni tasnifu ya chuo. Mimi huisoma nikiwa na kalamu ya kijani, rangi ya wakaguzi, naweka alama kila aya yenye tarehe, kiasi, barua au kifungu cha sheria, na aya nyingine naziacha tupu. Nashauri kila mtu ajaribu. Ukifika mwisho wa mjadala unaona kwa macho yako nani alileta hesabu na nani alileta chama chake. Na alama zangu hazikufuata rangi za vyama. Wapo wapinzani waliozungumza muda wao wote bila kutaja tarakimu hata moja, na wapo wana-CCM waliotaja barua kwa tarehe zake.

Kiini cha ubishi wote kilikuwa swali ambalo mhasibu yeyote wa serikali angelianzia: fedha ile ilikuwa ya nani? Waziri wa Nishati na Madini wakati huo, Profesa Sospeter Muhongo, alijibu kwa niaba ya Serikali kwamba haikuwa fedha ya umma, ilikuwa ya IPTL. Kamati ikasema sehemu yake ilikuwa ya umma, ikiwemo kodi ya ongezeko la thamani. Msimamo wangu ni huu, na nausema kwa uzito wa kazi niliyoifanya maisha yangu yote: fedha iliyowekwa amana kwa sababu pande mbili zinabishana haina mwenyewe mpaka usuluhishi wa hesabu ufanyike. Februari 2014 baraza la usuluhishi la kimataifa, ICSID, lilielekeza tozo ya umeme ule ikokotolewe upya. Wakati huo akaunti ilishatolewa fedha. Hata kama mwishowe kila shilingi ingeonekana ni ya IPTL, kulipa kabla ya kukokotoa ni kosa, na karani wa mapato wa kata angeadhibiwa kwa kosa la namna hiyo.

Usomaji wa Hansard pia unakufundisha jinsi muda unavyoliwa. Mbunge ameanza kutaja mlolongo wa malipo, anasimama mwingine, "Kuhusu utaratibu". Anakaa. Anaanza tena, "Taarifa, Mheshimiwa Spika". Mara unakuta imeandikwa kwenye mabano kwamba waheshimiwa wanazungumza bila mpangilio. Kengele inalia, muda umekwisha, na ile hesabu imekatika katikati. Kwenye televisheni unaiona kama vurugu. Kwenye maandishi unaona ni wapi hasa ilipokatishwa, na ni nani aliyeikatisha. Mwalimu yeyote wa Uraia angepata vipindi vizima hapo.

Nimtaje tena Filikunjombe. Kusimama ndani ya ukumbi ambao chama chako kina wabunge wengi, ukaisimamia taarifa inayogusa mawaziri wa chama hicho hicho, kunahitaji moyo. Alifariki kwenye ajali ya helikopta Oktoba 2015. Vijana wa Ludewa waliokuwa darasa la tatu wakati ule sasa ni wapiga kura, na maneno yake yote yako kwenye faili wanaloweza kulipakua kwa kifurushi kidogo cha intaneti. Nataka wayasome.

Sasa upungufu, na hapa sitaremba. Tarehe 29 Novemba Bunge lilipitisha maazimio manane, likiwemo la kushauri mamlaka za uteuzi zitengue uteuzi wa Werema, Muhongo, Waziri wa Ardhi Profesa Anna Tibaijuka na Katibu Mkuu wa Nishati na Madini Eliakim Maswi. Lakini hoja nyingi bungeni huamuliwa kwa sauti ya ndiyo na siyo. Hansard inaandika kuwa hoja imeamuliwa na kuafikiwa, basi. Mbunge wako alisema ndiyo au siyo? Hujui. Aliyepiga meza mchana akinukuu vifungu anaweza kunyamaza jioni, na hakuna ukurasa utakaomuumbua. Bajeti hupigiwa kura kwa kuitwa majina, na majina hayo huonekana. Hoja ya fedha za umma ya ukubwa ule ilistahili heshima hiyo hiyo.

Upungufu mwingine ni kwamba hakuna kinachounganisha azimio na matokeo yake. Ukimaliza kusoma ya Novemba unabaki kujikusanyia mwenyewe. Werema alijiuzulu Desemba 2014. Tarehe 22 mwezi huo Rais Kikwete alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, akatangaza kumwondoa Tibaijuka, aliyekuwa amepokea Shilingi bilioni 1.6 kutoka kwa James Rugemalira wa VIP Engineering, kampuni iliyokuwa na hisa IPTL, na kueleza kuwa ni mchango wa shule. Muhongo alijiuzulu Januari 2015. Rugemalira na Harbinder Singh Sethi wa PAP walifikishwa mahakamani Juni 2017. Mwezi uliofuata William Ngeleja, waziri wa zamani wa Nishati na Madini, alirejesha Mamlaka ya Mapato, TRA, Shilingi milioni 40.4 alizopewa na Rugemalira, akieleza kuwa alizipokea kama msaada. Mimi mwanamke niliyeandika stakabadhi miaka yote hiyo ningependa kuona Bunge likiuliza kwa kirefu: fedha ile iliingizwa kwenye fungu gani, na waliopokea zaidi wao vipi? Jedwali moja tu mwishoni mwa kila mkutano, azimio upande huu na utekelezaji upande ule, lingetosha. Halmashauri tulilazimika kutengeneza jedwali la namna hiyo kwa kila hoja ya ukaguzi, na tulikuwa na kompyuta mbovu na karani mmoja.

Suala la maadili nalo limegawanyika. Mahojiano ya Baraza la Maadili la mwaka 2015, yale yaliyowapa watu msemo wa milioni kumi za mboga, hayamo kwenye Hansard kwa sababu si kazi ya Bunge. Msomaji mgeni ajue hivyo asihangaike kutafuta.

Umuhimu wa huduma hii uliongezeka Januari 2016, Serikali ilipotangaza bungeni kupitia Waziri Nape Nnauye kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena moja kwa moja mijadala yote, bali sehemu tu, kwa maelezo ya gharama. Wapinzani walipinga sana. Sisi wa mikoani tuliokuwa tunakusanyika mbele ya televisheni ya jirani tulibaki na maandishi. Ndiyo maana naweza kusoma leo kikao cha tarehe 2 Aprili 2019, Bunge lilipoazimia kutofanya kazi na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, Profesa Mussa Assad, baada ya taarifa ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka kuhusu kauli yake ya udhaifu wa Bunge. Nimekaguliwa mara nyingi kazini. Nimeogopa wakaguzi, nimebishana nao, nimewapikia chai. Sijawahi kufikiria kwamba mkaguzi anayeletea mwajiri wangu taarifa anaweza kukataliwa na mwajiri huyo kwa sababu ya kauli aliyoitoa kwenye mahojiano. Kikao kile kisomwe chote, pande zote mbili, kila mtu aamue.

Nampendekezea nani? Wanafunzi wa sheria na uhasibu, madiwani wapya, waandishi wa habari wa redio za wilayani, na kila mzee mwenye miwani na muda. Faili ni ndefu, hivyo kama unatumia simu, pakua kikao kimoja kimoja. Kwenye kompyuta tafuta kwa neno "Escrow" au jina la mbunge, itakupeleka moja kwa moja. Anza na tarehe 26 hadi 29 Novemba 2014, kisha rudi Februari 2008 usome ya kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, ambako Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia mpaka majina ya waliosema ndiyo na waliosema siyo yachapishwe.