Uzoefu wangu: kuimarisha mzizi mwembamba wa jino la mbele

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeambiwa kwamba jino lake la mbele lina mzizi dhaifu, na sasa hajui aling'oe au alitengeneze. Mimi nililitengeneza, mzizi ukajazwa kompositi (resini ngumu ya kuzibia meno) na kijiti cha nyuzi za kioo. Kwa ujumla nimeridhika sana, isipokuwa kwa upande wa rangi, na hilo nitalieleza.

Jino lenyewe liligongwa nilipoanguka nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Meno makubwa ya mbele ya juu huota kwenye miaka 7 au 8, lakini mizizi yake huendelea kukua hadi karibu miaka 10. Langu lilikufa ndani katikati ya safari hiyo. Kiini, yaani nyama laini yenye mishipa iliyo ndani ya jino, kikishakufa, mzizi hukomea pale ulipofikia: kuta zinabaki nyembamba, mfereji unabaki mpana, na ncha haijifungi. Kwenye eksirei yangu tofauti ilionekana wazi. Jino la jirani lilikuwa na mstari mwembamba tu katikati, langu lilikuwa na uwazi mpana uliozungukwa na kuta kama ganda la yai.

Utotoni nilitibiwa kwa kalisi haidroksaidi, dawa nyeupe inayowekwa ndani ya mfereji na kubadilishwa kwa miezi mingi hadi ncha ijitengenezee kifuniko kigumu. Ndiyo iliyokuwa tiba ya kawaida, na iliniwezesha kukaa na jino langu mpaka utu uzima. Ubaya wake ni kwamba haiongezi unene wa kuta, na ikikaa ndani muda mrefu dentini, yaani sehemu ngumu inayounda kuta za mzizi, hupoteza uimara. Meno ya aina hii huvunjikia shingoni, karibu na fizi, na mara nyingi kwa kishindo kidogo tu.

Fizi ilipoanza kuvimba tena ukubwani, daktari wa kwanza niliyemwona alitaka kuweka kijiti cha chuma ndani ya mzizi kisha kofia, yaani jino bandia la kuvika, juu yake. Wa pili aliniuliza swali ambalo nashukuru kuulizwa: "Unataka kofia ishike, au unataka mzizi usipasuke?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ni mambo mawili tofauti. Kazi ya kijiti ni kushikilia kile kinachojengwa juu, chenyewe hakiupi mzizi nguvu. Kikiwa kigumu kupita kiasi, kinaweza hata kuudhuru. Ugumu wa dentini, yaani ukinzani wake dhidi ya kupinda, ni kama gigapaskali 18, titani ni karibu 110, na chuma cha pua hukaribia 200. Ukiuma, dentini inajipinda kidogo lakini chuma hakijipindi, kwa hiyo nguvu yote inaishia kwenye ukuta mwembamba na mzizi unapasuka kwa urefu wake. Ukishapasuka hivyo, jino hung'olewa. Vijiti vya nyuzi za kioo vina ugumu ulio karibu zaidi na wa dentini, na vikishindwa, mara nyingi huchomoka au kukatika vyenyewe na kuuacha mzizi mzima.

Kazi ilianzia kwenye ncha. Mfereji uliposafishwa, ncha iliyo wazi ilizibwa kwa MTA, saruji ya meno iliyobuniwa na Mahmoud Torabinejad na wenzake katika Chuo Kikuu cha Loma Linda, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sifa yake kubwa ni kwamba inaganda penye unyevu, na huko chini ya mzizi unyevu haukosekani. Iliwekwa kizibo cha milimita 4 hivi, ikafuatiwa na pamba yenye maji, jino likafungwa kwa muda. Saruji hii inahitaji saa kadhaa kukomaa, kwa hiyo usishangae ukiambiwa urudi siku nyingine.

Ziara iliyofuata ndiyo iliyobeba tiba yenyewe. Kwa kawaida sehemu iliyobaki ya mfereji ingejazwa gataperka, utomvu wa mti unaofanana na mpira, ambayo inaziba vizuri lakini haiongezi nguvu yoyote. Kwangu ilijazwa kompositi iliyogandishwa kwenye dentini kwa gundi, ili ichukue nafasi ya ukuta ambao haukuwahi kukua. Jino lilizungushiwa mpira mwembamba uliotandazwa mdomoni, maana tone moja la mate linatosha kuharibu gundi. Asidi ilipakwa, ikasuuzwa, kisha daktari akaingiza vijiti vyembamba vya karatasi, kimoja baada ya kingine, akivitazama kila vinapotoka. Hakupaka gundi mpaka kilipotoka kikavu. Kompositi iliingia kwa tabaka nyembamba kwa sababu hujikunyata inapoganda. Katikati kilisimamishwa kijiti kwa saruji inayoganda kwa mwanga na pia yenyewe, maana mwanga wa taa ya bluu haufiki vizuri kwenye kina. Pia alieleza kwamba hatumii dawa yoyote yenye yujenoli, ile yenye harufu ya karafuu, kwa kuwa inazuia resini kuganda.

Ganzi ilitosha, sikuumia. Kilichonichosha ni kukaa kinywa wazi muda mrefu. Sasa nauma kwa jino hilo bila wasiwasi, fizi imetulia, na eksirei ya marudio inaonyesha mfupa umejaa tena kwenye ncha.

Sasa rangi. Jino limebaki na kivuli cha kijivu karibu na fizi. Sehemu yake ni damu ya zamani iliyoingia kwenye dentini tangu lilipogongwa, na pia MTA nyingi zina oksidi ya bismathi, ambayo hugeuka nyeusi ikikutana na mabaki ya dawa ya klorini inayosafishia mfereji. Zipo saruji za jamii hiyo zinazotumia zirkoniamu badala yake. Nililotaka kuambiwa mapema ni kwamba jino lingeweza kung'arishwa kwa ndani kabla ya kompositi kuingia, kisha kusubiri wiki 2 hivi, kwa sababu oksijeni inayobaki baada ya kung'arisha hudhoofisha gundi. Sasa hivi kulifikia kwa ndani ni kuitoboa kazi nzuri iliyofanyika, na sitaki.

Ningeshauri tiba hii kwa mtu ambaye mzizi haujapasuka na ambaye bado ana sehemu nzima ya jino inayochomoza juu ya fizi, angalau milimita 2 kuzunguka pande zote. Bila pete hiyo, kofia haina pa kushika na nguvu yote inarudi kwenye kompositi ya ndani. Uliza pia itakuwaje maambukizi yakirudi, kwa sababu gundi ndani ya mfereji huchakaa kwa miaka na hakuna anayeweza kukuhakikishia ya kudumu. Kijiti cha nyuzi kinaweza kutobolewa na kuondolewa. MTA iliyokomaa ni ngumu sana kuitoa, kwa hiyo mimi nimeshaambiwa kwamba likitokea hilo, ncha itafikiwa kwa upasuaji mdogo kupitia kwenye fizi, bila kuigusa kompositi.