Duka la nyuzi la Langoni, Lamu: vesti ya grani, uzi wa pamba na kero mbili tatu

Nyote mnaoniuliza ile vesti ya vipande vya rangi niliyovaa juzi kwenye kupamba, ile sherehe ya wanawake ya harusi, uzi wake nimetoa wapi, jibu ni hapa hapa Lamu, sikuagiza Nairobi wala sikumtuma mtu Mombasa. Kuna duka dogo upande wa Langoni, halina bango na mwenyewe hataki kutangazwa kwa hivyo jina sitaji, lakini muulize yoyote anayeshona kofia atakupeleka mpaka mlangoni. Mi hilo duka nalipatia nyota nne kwa tano. Ya tano nimeizuia makusudi na sababu ntasema mbele.

Duka lenyewe hasa ni la kofia. Ukiingia tu unakutana na vitambaa vyeupe vya kofia, nyuzi za kofia, sindano, mikasi, na hio ndo biashara iliyomweka mjini manake Lamu hapa mtu hushona kofia moja miezi na ikitoka safi ina bei yake na wateja wanaisubiri. Sisi watu wa kroshia, wa kufuma uzi kwa sindano yenye ndoano, tumepewa ukuta wa nyuma, uzi wa akriliki chini, wa pamba juu, na bati la biskuti limejaa sindano za kroshia za kila namba. Usilidharau hilo bati. Ndani zimechanganyika za chuma na za alumini, za chuma kwa hewa yetu hii ya chumvi ukizisahau kidogo kwenye mkoba zishashika kutu, na kutu ikigusa uzi mweupe haitoki hata ufue na nini, kwa hivyo we chambua utoe ya alumini. Kama namba imefutika mwambie akupimie, anacho kile kibao chenye matundu.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba mama mwenye duka anauliza kwanza ndo auze. Mkono wangu ulikuwa ushafika kwenye akriliki, manake zile rangi jamani zinaita zenyewe, akaniuliza, "Wafuma kitu gani?" Nikamwambia vesti. Akautoa ule uzi mkononi mwangu akaurudisha kwenye rafu. "Mwanangu, huo ni wa blanketi na vitambaa vya kochi. Ukiuvaa na yua hili utaiva." Akanishushia pamba, bonge la gramu 50 shilingi 300, wakati akriliki ya uzito ule ule ni 150. Mwenye roho mbaya atasema alitaka nichukue cha ghali, na wallahi hata mi ilinipitia hio kichwani, bas nikanunua bonge moja la kila uzi nikaenda kuzijaribu nyumbani kabla sijatoa pesa ya maana.

Nikafuma vipande viwili sawa sawa, sindano ile ile ya 4 mm, raundi zile zile, kisha nikavibana na pini ndani ya dera, kimoja bega hili kimoja bega lile, nikaingia jikoni kupika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mpaka nazi inachemka bega la akriliki lilikuwa linawasha na jasho limekaa tu juu ya ngozi halina pa kwenda. La pamba lilikuwa limelowa, siwadanganyi, lakini halikuwa na joto. Ndo hivyo, akriliki asili yake ni plastiki hainyonyi jasho, pamba inanyonya na ikipata upepo unasikia baridi kidogo. Ila pamba nayo ina yake: ni nzito, na ikilowa inavutika kwenda chini, kwa hivyo ukipima vesti yako ikufike nyongani baada ya kuvaa kidogo utaikuta mapajani. Fuma fupi kuliko unavyotaka. Na akriliki sio haramu, kwa mkoba au blanketi la mtoto ni nzuri, nyepesi na inakauka haraka, hata kwa wale wanaopanda boti ya Mokowe, upande wa bara, alfajiri wakati wa kusi vesti ya akriliki ndani ya buibui inasaidia. Mchana tu ndo haivaliki.

Sasa kwa wageni wa mambo haya. Grani skwea ni kile kipande cha pembe nne kinachoanzia katikati na kuzunguka, unafuma mafungu ya dabo, ile mishono mirefu, tatu tatu, kati ya fungu na fungu kuna nafasi, kwenye kona unaweka mafungu mawili na cheni mbili, yaani vitanzi vitupu, katikati yao, bas, raundi inayofuata unaingiza sindano kwenye zile nafasi. Hakuna kuhesabu sana ndo maana watu wanaipenda. Ni ya zamani, maelezo yake yalishachapishwa Marekani mwaka 1885, na watu walikuwa wakitumia mabaki ya uzi ndo ikawa kila raundi ina rangi yake. Ukifuata video angalia kama mwalimu anatumia majina ya Marekani au ya Uingereza, manake dabo ya Mmarekani ndo trebo ya Muingereza, ukizichanganya kipande kinatoka kifupi na kigumu na utamlaumu uzi bure.

Hesabu ya vesti yenyewe mama alinipigia pale pale nyuma ya karatasi ya sukari. Kifua changu ni sentimita 96, ongeza nafasi ya kupumua iwe 104, kipande changu kikioshwa na kutandazwa ni sentimita 13, kwa hivyo kuzunguka mwili vinaingia vipande 8, yaani 4 mbele na 4 nyuma. Kwenda juu safu tatu kamili, ya nne unaweka vile viwili vya pembeni tu ndo mabega, pale katikati pakibaki wazi ndo shingo. Mbele 14, nyuma 14, jumla 28. Ubavuni unaunga safu mbili za chini, mbili za juu unaziacha ndo mkono unapita. Shingo inatoka pana kidogo, usishtuke, ukiizungushia pindo la raundi tatu nne inarudi. Nilitumia kama gramu 400 kwa jumla, mabonge 8, na wenye mkono mlegevu mtakula zaidi. Mwenye mwili mkubwa au mdogo kuliko wangu asiongeze wala kupunguza idadi ya vipande kwanza, abadilishe sindano au aongeze raundi, ni rahisi zaidi kuliko kuanza kugawanya kipande nusu.

Duka ni giza. Hilo lazima mlijue, taa ni moja na iko mbali na rafu, bluu na nyeusi hapo ndani ni ndugu. Toka na uzi nje uuangalie kwenye mwanga, mama haoni tabu, ila usisahau ule ni uchochoro wa Lamu. Nilikuwa nimesimama na mabonge mawili ya kijani nayalinganisha, punda akaja na mifuko ya simiti, nikajibana ukutani, ile ncha ya uzi ikanaswa kwenye mzigo na bonge likaanza kufunguka likimfuata punda mpaka kona, kijana mwenye punda anacheka na mi nafukuzia uzi na ninja yangu. Mama alilirudisha akalisafisha akanipa lingine, hakuniongezea hata shilingi.

Na hapo hapo kwenye mwanga soma lebo. Kila bonge lina namba ya rangi na namba ya loti, rangi yaweza kuwa moja lakini loti mbili tofauti zimepikwa siku tofauti na hazifanani, unaiona ukishaunga na hapo ushachelewa. Mwaka jana niliagiza nyuzi kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, nikaletewa krimu za loti tatu, moja ina umanjano, nikimpigia ananiambia krimu ni krimu dada. Huyu mama wa Langoni yeye mwenyewe alikaa chini akayapanga yale mabonge kwa loti, la mwisho la loti ile halikupatikana, nikachukua la loti nyingine, akaniambia hilo nilitumie kwenye raundi za katikati zisizogusana na zile zingine. Ushauri kama huo mtandaoni haupo kwenye kifurushi.

Baada ya alasiri huweka mkeka kwenye baraza na wanawake wanakuja kufuma hapo, hakuna malipo, ukikwama unaonyeshwa. Mimi ndo hapo nilipofunzwa nisianze kipande na lile duara la kuvuta, linalokazwa kwa kuvuta ncha ya uzi, manake pamba inateleza na ukifua mara kadhaa katikati panaachia tundu, bora cheni nne uziunge. Na zile ncha za uzi, ee Mola, kila ukibadilisha rangi zinabaki mbili, fanya hesabu mwenyewe vipande 28. Zifiche kila ukimaliza kipande, pitisha sindano kwenda, rudi, kisha kwenda tena, ndo zinakaa. Ukiziacha zote mpaka mwisho vesti itaishia kwenye mfuko chini ya kitanda, nawajua nyinyi.

Pia kuna huduma ya kuunganishiwa, unapeleka vipande unalipa shilingi 500 anakuunganishia. Hii nimeitumia na ndo sehemu ya kwanza ya malalamiko. Kazi ya mbele ilitoka safi sana, alishona kwa sindano ya kawaida ikapitia nyuzi za nje tu, mshono umelala hauonekani. Mabegani nilitaka paungwe kwa kroshia, mshono mzito kidogo ili pasivutike na ule uzito wa pamba, na nilimwambia. Akampa msichana wake, bega moja likaungwa nilivyosema na jingine kwa sindano. Alirekebisha bila kunitoza lakini ilikaa kwake wiki nzima na kupamba kulikuwa kunakaribia, nilikuwa sina raha. Mwandikie kwenye karatasi uibane na pini kwenye kazi, ya mdomo inapotea.

Malalamiko ya pili ni saa za kufungua. Adhuhuri anafunga, hio twaelewa, ila kufungua tena ni akijisikia. Mtu ametoka Shela au Matondoni na nauli yake amekuta kufuli. Simu hapokei. Na la tatu ni bei, Mombasa bonge lile lile wanunua kwa chini yake kidogo, lakini mzigo huu umekuja na basi mpaka Mokowe ukavushwa na boti na ukabebwa mpaka Langoni, kila mkono umeshika chake, kwa hivyo hapo simlaumu sana. Ukitaka mabonge matatu manne nunua hapa. Ukitaka ya kufuma kadigani tano za kuuza, panda basi.

Uzi wenyewe naupa tano kamili. Kabla ya kuunga nilivilowesha vipande kwenye maji vuguvugu na sabuni kidogo, nikavikamua ndani ya taulo bila kusokota, nikavitandaza juu ya godoro la zamani na pini za alumini, kila kimoja nikakivuta mpaka 13. Vyote vikawa sawa, hata vile nilivyofuma usiku huku naangalia tamthilia na mkono umekaza. Kukauka kulichukua siku mbili kwa unyevu wetu huu. Mwenye akriliki asijisumbue na maji, haishiki umbo, ashikilie pasi ya mvuke juu juu bila kugusa, ukiigusisha inalala na kulegea na hairudi tena. Nyekundu ijaribuni kwanza na kitambaa cheupe kilicholowa, yangu ilitoa rangi kidogo, ile bluu haikutoa kitu.

Naivaa juu ya blauzi nyeupe ya mikono mirefu, au juu ya dera la rangi moja, njiani buibui juu yake kama kawaida. Mashallah imesifiwa na wifi zangu mpaka wawili wameshanipa vipimo, nimewaambia uzi wanunue wenyewe. Mpaka sasa imerefuka kama nusu kipande na mabega yamekaa vile vile.

Mkienda ulizeni pamba ya rangi ya udongo, haiweki mbele, iko kwenye katoni chini ya meza. Na mwezi wa Ramadhani hufungua usiku baada ya tarawehe mpaka saa tano, hapo ndo saa nzuri, yuko ametulia na taa ya jirani inaingia.