The D.O.C., "No One Can Do It Better": albamu ya kuanzia

Wengi humjua rapa The D.O.C. kupitia albamu ya 1996, wakasikia sauti iliyokwaruza, wakaachana naye. Hapo wanamkosa kabisa. Anza na hii ya 1989, iliyotoka kwenye lebo ya Ruthless, biti zote zikiwa za mtayarishaji Dr. Dre.

Kijana huyu wa Texas alikuwa akiwaandikia mistari kundi la rap la N.W.A na mwanachama wake Eazy-E. Kwenye albamu yake hadithi za risasi na magenge ni chache. Karibu muda wote anaonyesha jinsi ya kuchana, yaani kurap. "It's Funky Enough" imekaa juu ya sampuli, yaani kipande kilichokatwa kwenye wimbo wa mwimbaji Foster Sylvers, naye anaingia kwa lafudhi ya Kijamaika. Sikiliza miisho ya maneno: haimezi hata anapokaza mwendo. Kwenye "The Formula", juu ya sampuli ya mwimbaji Marvin Gaye, anatulia na kuiachia besi nafasi. Mtihani wenyewe ni "Portrait of a Masterpiece". Biti inakimbia, vina vinafuatana ndani ya mstari mmoja, na bado kila neno unalidaka. Marapa wengi wakifika kasi hiyo hubaki na makelele tu. Wimbo wa mwisho unawaleta marapa wa N.W.A, Ice Cube, MC Ren na Eazy-E, na mwenye albamu hafunikwi.

Novemba 1989, miezi michache tu baada ya albamu kutoka, alipata ajali ya gari, koo likapondeka na sauti hii ikapotea. Aliendelea kuandika, ikiwemo kwenye albamu ya Dre, "The Chronic", lakini albamu nzima kwa sauti ile ni hii peke yake. Inauma.

Kasoro zipo. Vipande vya katikati, "Comm. Blues" na "Comm. 2", vinakata mwendo, ukishavisikia mara moja, viruke. Usiipime kwa spika ya simu: besi inapotea na ngoma zinabaki nyembamba. Tumia hedifoni zinazofunika sikio.

Ukinunua santuri iliyotumika, iinamishe chini ya taa. Mikwaruzo inayoshikika kwa ukucha ndiyo inayorusha sindano. Ile ya juujuu aghalabu hutoa mchakacho tu. Kabla ya kulipa, jaribu nyimbo za mwisho za kila upande. Karibu na kitovu mawimbi ya sauti yamebanana ndani ya mfereji, na sindano iliyochakaa huuharibu, "s" zikafoka. Kwa rapa anayetamka hivi, utaudhika haraka. Kama duka halina mashine ya kujaribia, chukua CD.