Kisu cha mfukoni: cha bei nafuu au cha bei ya juu? Uzoefu wangu

Nikiulizwa ni kipi kati ya visu vyangu kinachokata vizuri kuliko vyote, jibu langu huwashangaza watu: ni kile cha kipini cha mti, ambacho bei yake ni ya chini karibu kuliko vyote. Kile cha kipini cha titaniamu, ambacho bei yake ingetosha kujaza droo nzima vile vya mti, kinashika nafasi ya pili, tena baada ya mimi mwenyewe kukishughulikia makali. Na bado cha titaniamu sikiuzi. Nimeona wanaoanza kupenda visu wakivutwa huku na huku, hawa wakiwaambia cha ghali ni jina tu, wale wakiwaambia cha rahisi ni takataka, ndiyo maana nimeona niandike nilichokishika kwa mikono yangu.

Nazungumzia visu vya kukunja vya matumizi madogo madogo: kufungua maboksi, kukata kamba, kuchonga kijiti, kumenya tunda. Sivitumii kwa kazi ya kunilipa. Navipenda tu. Nanunua, nanoa, nafungua skrubu nione kilichomo ndani, nafunga tena.

Kile cha mti ni Opinel namba 8. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890 huko Savoie, Ufaransa, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo: bapa, kipini cha mti, pini moja, na pete ya chuma shingoni. Pete hiyo iliongezwa mwaka 1955 na ndiyo loki yake. Ukishafungua bapa unaizungusha kidogo kwa kidole gumba, basi, bapa halirudi mpaka uirudishe. Bapa lina urefu wa sentimita 8.5 na mgongo wake haufiki milimita 2, kisha linazidi kukonda kuelekea kwenye makali.

Wembamba huo ndio kila kitu. Chukua tofaa bichi, likate kwa kisu chenye bapa nene. Bapa linaingia kama kabari, na tofaa linapasuka kwa mlio kabla makali hayajafika chini. Ukitazama kipande utaona sehemu ya juu imekatwa na sehemu ya chini imeparurika. Rudia kwa Opinel: bapa linapita kimya, na uso wa kipande unabaki laini, umelowa, hauna hata mchaniko. Kwenye boksi nene ni vivyo hivyo. Kisu chembamba kinateleza mpaka mwisho wa mkato, ilhali kinene kinabanwa na kuta za boksi lenyewe, nawe unasukuma kwa nguvu ambayo makali hayakuihitaji. Anayesukuma kwa nguvu ndiye anayejikata.

Huuzwa kwa chuma cha kaboni na kwa chuma kisichoshika kutu. Nina vyote viwili, na ninachokipenda zaidi ni cha kaboni. Kinanoleka upesi na kinapata ukali wa wembe bila kubembelezwa. Kikikutana na limau au nyanya hubadilika rangi, kinakuwa kijivu chenye michirizi ya bluu, na mimi rangi hiyo naiona nzuri kuliko mng'ao wa dukani. Si kutu ile ya kula chuma. Kutu yenyewe, ile ya kahawia, itakuja ukikikunja kikiwa kimelowa ukakisahau, kwa hiyo nakipangusa kila nikimaliza na kukipaka tone la mafuta. Mti nao hunywa maji. Ukivimba, bapa hubanwa ndani ya kipini. Watu wa Savoie wana njia yao ya zamani: unagonga kitako cha kipini kwenye kitu kigumu, ncha inachomoza kidogo, kisha unaivuta.

Kisu cha pili cha bei nafuu ambacho ningempa mtu yeyote ni Victorinox ya ukubwa wa milimita 91. Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884, akaanza kulipatia jeshi la Uswisi visu mwaka 1891, na kile cha maafisa kikasajiliwa mwaka 1897. Chuma chake si kigumu sana, kiko karibu na 56 kwenye kipimo cha Rockwell C, na watu wa visu vya ghali hukibeza kwa hilo. Sikubaliani nao. Ni kweli kinaanza kuwa butu mapema, lakini kinoo chochote kinakiweza, na baada ya kukipitisha mara chache tu kinakata karatasi tena. Kwa anayejifunza kunoa hakuna mwalimu mzuri kama chuma laini kidogo, kwa sababu matokeo unayaona papo hapo. Hakina loki, springi ya mgongoni ndiyo inayolishikilia bapa. Kwa hiyo kinafaa kukata kwa kuvuta na si kuchoma kwa ncha.

Loki inanifikisha kwenye jambo la sheria, nalo litazamwe kabla ya bei. Uingereza, kwa mfano, mtu anaweza kutembea na kisu cha kukunja kisicho na loki ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, bila kuulizwa sababu. Kikiwa na loki, au makali yakizidi hapo, lazima awe na sababu ya kuridhisha. Kila nchi ina yake. Kisu kizuri usichoruhusiwa kutoka nacho nyumbani kitaishia kwenye droo.

Sasa niseme juu ya unafuu wa aina nyingine, maana si visu vyote vya bei ya chini viko kundi moja na hivyo viwili. Niliwahi kununua kisu cheusi kisicho na jina la mtengenezaji, kimeandikwa tu kwamba hakishiki kutu. Kwa macho kilipendeza kuliko Opinel. Loki yake ilikuwa ya kibati: ukifungua kisu, kipande chembamba cha chuma ndani ya kipini kinaruka na kukaa nyuma ya kitako cha bapa kulizuia. Kibati kikikaa sawasawa, loki hiyo ni nzuri sana. Cha kisu hiki kiligusa kitako kwa ukingo tu, kama upana wa ukucha. Nilikishika kipini kwa pembeni, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya bapa, nikaukandamiza mgongo wake taratibu kwenye ubao. Kibati kikateleza, bapa likajifunga. Vidole vingekuwa pale vinapokuwa siku zote, tungekuwa tunazungumza mengine. Makali nayo yalijikunja kabla sijamaliza boksi moja, na hata nilipoyanoa hayakukaa. Hicho nilikivunja na kukitupa, sikumpa mtu.

Jaribio hilo sasa nakifanyia kila kisu chenye loki, cha bei yoyote, kwa mkono mtulivu na bila kugongagonga. Kisha nalishika bapa kwenye mgongo na kulitikisa kushoto na kulia nione kama linacheza. Mwisho nakikunja na kukitazama dhidi ya mwanga: bapa likae katikati, lisiegemee ubavu mmoja. Ukaguzi huu ni wa dakika chache na umenisaidia kuliko maelezo yote ya kwenye boksi. Jambo moja tu halikaguliki hivi, nalo ni aina ya chuma. Neno lililochapwa kwenye bapa haliwezi kuthibitishwa kwa macho, na wanaotengeneza visu bandia vyenye majina ya kampuni kubwa wanalijua hilo. Visu hivyo ndivyo vibaya kuliko vyote, kwani mtu analipa pesa za maana kwa kisu kisicho na mwenyewe.

Kati ya vile vya rahisi na vile vya kifahari kuna visu vya China vya kampuni zinazojulikana, kama Civivi. Hapa mambo yamebadilika sana kwa faida yetu. Unapata chuma kama D2 au 14C28N ya Uswidi, beringi ndogo ndogo kwenye kiungo, loki inayokaa vizuri, na bapa linalotulia katikati, kwa bei iliyo karibu na ya vile vya rahisi kuliko ya vile vya kifahari. Anayetaka kisu cha kisasa kinachofunguka kwa kidole kimoja aanzie hapo. Akikwama hapo maisha yake yote hajapungukiwa na kitu.

Basi kile cha titaniamu kinanipa nini? Kwanza, kushikika kwake. Ubavu mmoja wa kipini umechanjwa ili wenyewe uwe loki, na kila nikikifungua unasimama mahali pale pale, bila kubonyea hata kidogo. Nikibonyeza loki, bapa linashuka lenyewe kwa uzito wake, polepole, kama vile kiungo kimelowa mafuta ingawa nimekisafisha kikakauka. Nikifungua skrubu zake za kichwa cha nyota naona sehemu za ndani, ambazo hakuna atakayeziona, zimesuguliwa kama zile za nje. Sijui niseme vipi kwa mtu ambaye hapendi visu, lakini anayevipenda akikishika ananyamaza kidogo. Hicho ndicho nilichokilipia, na kwangu kina thamani.

Pili, makali yanayodumu. Chuma chake ni S30V, aina iliyobuniwa Marekani kwa ajili ya visu, na hutengenezwa kwa kugeuza chuma kilichoyeyushwa kuwa unga kisha kuushindilia kwa joto na mgandamizo hadi uwe bonge moja. Kina vanadiamu kama asilimia 4. Vanadiamu ikiungana na kaboni hutoa chembe ngumu mno, ndizo zinazoyachelewesha makali kuchakaa. Rundo la maboksi linaloacha Victorinox ikihitaji kinoo, hiki linakiacha bado kinakata karatasi vizuri.

Ila chembe hizo hizo ndizo zinazokufanya uhangaike siku kinapokuwa butu. Ni ngumu kuliko mchanga wa vinoo vya kawaida, kwa hiyo kinoo cha nyumbani hakifui dafu kwake. Kinasugua pembeni yake na wewe unachoka. Unahitaji kinoo cha almasi. Anayepanga kununua kisu cha namna hii aingize kinoo hicho kwenye hesabu tangu mwanzo, la sivyo baada ya muda atakuwa na kisu cha ghali kinachokata vibaya kuliko cha rahisi kilichonolewa.

Na changu kilipokuja kutoka kiwandani hakikunifurahisha kwenye kukata. Kilikuwa kikali, kinanyoa nywele za mkono, lakini kwenye boksi kilibanwa kwa sababu bapa lilikuwa nene pale nyuma tu ya makali. Nikalipaka eneo la makali wino wa kalamu nene, kisha nikakipitisha kwenye kinoo cha almasi mara mbili na kutazama. Wino ulifutika juu tu, mbali na ukingo, ishara kwamba nimekilaza kuliko pembe ya kiwandani. Hapo ndipo nilipotaka. Kiwanda kilikuwa kimenoa karibu nyuzi 20 kila upande. Mimi nikashuka hadi kama 15, nikisugua upande mmoja mpaka nikasikia kwa ncha ya kidole kijinyuzi cha chuma kilichojikunja upande wa pili, toka mwanzo wa bapa hadi kwenye ncha. Kisha nikageuza. Mwisho nikakivuta kwenye mkanda wa ngozi kukiondoa kijinyuzi hicho. Kikawa kisu kingine. Sikubadilisha chuma wala kipini, nilibadilisha pembe tu, na tofauti ilikuwa kubwa kuliko ile niliyoiona kati ya chuma kimoja na kingine.

Kuna wanaonunua cha ghali wakaogopa kukitumia kisije kikakwaruzwa. Changu kimejaa mikwaruzo ya funguo na sarafu na sioni kimepungua chochote. Kwa upande wa dhamana, kampuni nyingi za bei ya juu hukubali kisu kirudishwe kufanyiwa marekebisho hata baada ya miaka, lakini baadhi huifuta dhamana ukifungua skrubu mwenyewe. Soma kwanza, hasa kama una mkono usiotulia kama wangu.

Kwa anayeanza ningesema hivi: chukua kimoja cha bei nafuu chenye jina la mtengenezaji, na kinoo kizuri pamoja nacho, ukitumie na kukinoa mpaka ujue unataka kipini kirefu au kifupi, loki au bila loki, ncha kali au butu kidogo. Hapo ndipo utafute cha bei ya juu, kama bado unakitaka. Na ukifika kwa muuzaji usianze na jina la chuma. Muulize bapa lina unene gani nyuma tu ya makali, kwa milimita. Mimi sikubali kinachozidi nusu milimita, na nikikosa jibu naangalia kisu kingine.