"Kushikia bango" au "wimbo ni ule ule"?

Mtu asiyechoka kuzungumzia jambo moja huweza kuelezwa kwa misemo miwili hapa Mwanza, nayo haina uzito sawa. Ukisema mzee fulani wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, amelishikia bango suala la nyavu haramu, unamaanisha kwamba analifuatilia bila kulegea, pengine hadi viongozi wamkwepe, lakini hujasema kwamba hana hoja. Ndiyo maana magazeti huutumia msemo huu kwa mbunge bila kumvunjia heshima, na ndiyo maana pia hauachani na jambo lenyewe: magugumaji yameshikiwa bango, na kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025, foleni ya kivuko cha hapo nayo ilikuwa na watu walioishikia bango.

"Wimbo ni ule ule" humlenga msemaji. Akianza tu, "Zamani, kabla ya sangara, ziwa hili lilijaa furu...", mwenzake aliye kwenye mizani humkatiza: "Mzee, wimbo ni ule ule!" Kwamba sangara waliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na baadaye wakawapunguza mno furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hilo, ni kweli tupu, kinachochosha ni kulirudia kila dagaa wanapoanikwa.

Katika taarifa ya kikao ningetumia msemo wa kwanza. Wa pili ningeuacha kijiweni, na hata huko (haya ni maoni yangu) kwa rika, si kwa mkwe.