Tathmini: Darasa la Kiingereza la jioni, Ngamiani, Tanga, na somo la neno "odds"

Madarasa ya Kiingereza ya jioni yameongezeka sana mjini Tanga, na mengi kati yake hufundisha kwa mtindo mmoja: mwalimu huandika orodha ya maneno ubaoni, wanafunzi huyanakili pamoja na maana zake, na kesho yake huulizwa kwa zamu. Darasa ninaloliandikia hapa, ambalo hufanyika katika chumba cha uani cha nyumba moja ya Ngamiani, limechagua njia nyingine, nami naona ndiyo njia inayostahili kuungwa mkono. Kila wiki jioni moja hutengwa kwa ajili ya neno moja tu: limetoka wapi, lilianza na maana gani, na leo linatumikaje. Mimi ni wakala wa forodha bandarini, kazi ambayo nyaraka zake karibu zote ni za Kiingereza, na nilijiunga kwa kutafuta msaada wa kikazi. Nitalipima darasa hili kwa somo lililonigusa kuliko yote, yaani somo la neno "odds".

Neno hilo halikuwa geni kwa yeyote aliyekuwapo. Darasani kuna madereva wa bodaboda, wanafunzi wa kidato cha nne, mama mmoja anayechuuza samaki wa soko la Deep Sea na mzee mstaafu wa reli, na wote hulisikia kila siku kwenye habari za kubeti, ambako vijana hulitamka "odi". Mwalimu alipouliza maana yake, dereva mmoja alijibu bila kusita, "Mwalimu, odi ni bahati. Ikiwa kubwa, na bahati yako kubwa." Mzee wa reli akamkatiza kwa upole, "Hapana, mwanangu. Odi kubwa maana yake timu yenyewe dhaifu." Mwalimu hakumsahihisha hata mmoja wao. Alichora ubaoni ncha ya mkuki, akasema kwamba safari ya neno inaanzia hapo.

Historia aliyotusomea ni hii. Katika lugha ya kale ya watu wa Skandinavia kulikuwa na neno "oddr", lililomaanisha ncha ya silaha, na jamaa yake "oddi", lililomaanisha ncha ya nchi kavu iliyoingia baharini, kama ilivyo Ras Kazone kwetu. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na "ord" kwa maana ya ncha ya mkuki, kutoka shina hilo hilo. Ncha ina pembe, na ukichora pembe tatu unapata pande tatu, mbili zikitazamana na moja ikibaki peke yake. Kwa njia hiyo "oddi" likaja kumaanisha kitu cha tatu, kile kinachozidi baada ya viwili kupatana. Watu wa Skandinavia walikuwa na jina kwa mtu wa tatu ambaye kauli yake huamua pale wawili wanapofungana, na walikuwa na jina kwa namba zisizogawanyika kwa mbili. Waviking, mabaharia wa huko Skandinavia, walipoishi kwa vizazi kadhaa kaskazini na mashariki mwa Uingereza, waliacha maneno mengi katika lugha ya wenyeji, yakiwemo ya anga, yai na hata kiwakilishi cha "wao", na "odd" lilionekana katika maandishi ya Kiingereza karibu na mwaka 1300 likiwa na maana ya witiri, yaani namba isiyo shufwa. Hapo darasa zima lilichangamka, kwa sababu witiri tunayo shuleni kwenye hesabu na tunayo msikitini baada ya swala ya isha, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya moja inayobaki.

Kutoka kwenye kinachobaki hadi kwenye tofauti ni hatua fupi. Mwanzoni mwa karne ya 16, neno hilo likiwa limeongezewa "s" mwishoni, Waingereza walilitumia kwa mambo yasiyolingana, kisha kwa kiasi ambacho kitu kimoja kinakizidi kingine. Mpaka leo Mwingereza akitaka kusema kwamba jambo halileti tofauti yoyote anaweza kusema halifanyi "odds". Mwishoni mwa karne hiyo hiyo neno lilichukua maana mbili nyingine karibu kwa wakati mmoja: watu wasiopatana walisemwa kuwa wako "at odds", na wacheza kamari wakalichukua kwa ajili ya kupima dau moja dhidi ya jingine. Mwalimu alitukumbusha kwamba Kiswahili nacho kimelipa neno "hitilafu" mzigo wa namna hiyo, kwani twasema hitilafu ya mitambo, hitilafu ya hesabu, na watu wawili kuhitilafiana.

Sehemu iliyonifurahisha zaidi ilitoka kwa Shakespeare. Katika tamthilia ya Hamlet, mfalme anaweka dau la farasi sita wa Barbari kwamba katika mapambano kumi na mawili ya upanga, Laertes, anayejulikana kwa ustadi, hatamzidi Hamlet kwa mapigo matatu. Hamlet anaposema kwamba atashinda kwa "odds", hazungumzii bahati. Anazungumzia yale mapigo matatu aliyopewa kama nafuu ili mpambano ulingane, tofauti iliyopimwa na kutajwa mbele ya watu wote kabla panga hazijachomolewa. Mwalimu alimwita dereva wa bodaboda na mzee wa reli mbele, akawapa rula mbili, na kuandika ubaoni alama za kila mmoja kadiri walivyogusana, huku mzee akianza na tatu. Baada ya dakika chache hakuna aliyekuwa na shaka kuhusu maana ya sentensi ile, jambo ambalo orodha ya ubaoni isingelifanya kwa mwezi mzima.

Kisha tukarudi kwenye mkeka, yaani tiketi ya kubeti. Mwalimu alibuni mechi ya Coastal Union uwanjani Mkwakwani na kuandika namba tatu: wenyeji 2.50, sare 3.00, wageni 2.70. Alieleza kwamba ukiweka shilingi 1,000 kwa wenyeji nao wakashinda, utarudishiwa 2,500, na ndani yake mna ile 1,000 yako. Dereva aliuliza swali ambalo mimi pia nilikuwa nalo: ikiwa neno lina maana ya tofauti, tofauti iko wapi katika 2.50? Jibu lilikuwa safi. Waingereza wa zamani, na wengi wao hadi sasa, wangeandika bei hiyo kuwa tatu kwa mbili, yaani weka mbili upate faida ya tatu, na tofauti ya pande mbili za dau inaonekana waziwazi. Mtindo wa desimali unaotumika kwetu hujumlisha dau na faida, kwa hiyo tofauti imefichwa ndani ya namba moja.

Baada ya hapo alitufundisha kugawa 1 kwa kila namba. Wenyeji walipata asilimia 40, sare 33.3, wageni 37, na jumla ikawa zaidi ya 110. Katika mpira matokeo yote yanayowezekana hayawezi kuzidi asilimia 100. Ile kumi iliyozidi ni ya kampuni, na inakatwa katika bei zenyewe kabla mpira haujapigwa. Mzee wa reli alirudia hesabu hiyo kwenye daftari lake kwa namba nyingine alizojitungia, akapata ziada tena, akamwonyesha dereva bila kusema neno. Mwalimu hakuhubiri kuhusu kubeti, nami namshukuru kwa hilo, kwa kuwa watu wazima waliolipa ada wanastahili kupewa hesabu na kuachiwa uamuzi wao.

Matumizi mengine yalipitiwa haraka: "odd" kwa maana ya kitu cha ajabu, kilichotoka katika hali ya kubaki peke yake, vibarua vya hapa na pale, na umri wa thelathini na ushei, ambao Kiingereza huutaja kwa kuweka "odd" baada ya namba.

Chanzo kikuu cha mwalimu ni kamusi ya mtandaoni ya Etymonline, iliyoanzishwa na Mmarekani Douglas Harper, ambayo husomwa bila malipo hata kwa simu ya kawaida yenye intaneti. Anaitumia kwa uangalifu. Alisisitiza kwamba mwaka unaotajwa humo ni wa maandishi ya zamani zaidi yaliyopatikana, na kwamba watu huenda walilitamka neno muda mrefu kabla ya mtu kuliandika. Kasoro niliyoiona ni kwamba wanafunzi hawafundishwi kuitafuta kamusi hiyo wenyewe. Hupewa nakala zilizotolewa kwenye mashine yenye wino hafifu, na mistari mingine haisomeki kabisa. Dakika kumi za kuwaonyesha watu jinsi ya kusoma ukurasa wenyewe zingewafaa zaidi.

Kasoro nyingine ni kubwa kuliko hiyo. Mazoezi ya kuzungumza ni machache. Jioni ya "odds" ilikuwa na mazungumzo mengi, lakini karibu yote yalikuwa kwa Kiswahili, na wanafunzi wa kidato cha nne waliondoka wakijua historia ya neno bila kutunga nalo hata sentensi tano za Kiingereza kwa vinywa vyao. Nilimweleza mwalimu, naye akakubali kuongeza nusu saa ya mazungumzo. Wiki iliyofuata alifanya hivyo, ingawa wengine walilazimika kuondoka mapema kuwahi daladala. Chumba chenyewe ni kidogo na chenye joto, na umeme ukikatika somo huendelea kwa taa ya simu.

Kwa mtu anayetaka Kiingereza cha kupita usaili wa wiki ijayo, darasa hili litamchelewesha, na ni bora atafute la mazungumzo. Kwa anayesoma nyaraka kila siku, kwa mwalimu wa sekondari, na kwa mwanafunzi anayekariri maneno yakampotea baada ya mtihani, naona hakuna sehemu nyingine ninayoijua Tanga inayotoa elimu ya namna hii kwa ada ndogo hivyo. Ada hulipwa mwanzoni mwa mwezi, kwa mwezi mzima au kwa jioni moja moja. Jioni ya neno huanza baada ya swala ya magharibi, na anayetaka kuuona ubao vizuri afike mapema, maana viti vya mbele huwahiwa na wale wa kidato cha nne.